Shoti ya Duka ni Deni la Nani?

Mwisho wa mwezi katika maduka ya Kariakoo hufanywa hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya mali: vitambaa, vyombo, viatu, simu, kila kitu huhesabiwa na kulinganishwa na daftari au kompyuta. Ya pili ni hesabu ya watu, yaani mishahara ya wale waliosimama nyuma ya meza mwezi mzima. Ikiwa hesabu ya kwanza imepungua, basi ya pili nayo hupunguzwa. Upungufu huo watu wa dukani huuita shoti, na neno hilo moja laweza kumrudisha kijana kwao Mbagala au Chanika na nusu tu ya mshahara aliokuwa akiungojea siku thelathini.

Tumeona yafaa kuliandika jambo hili katika gazeti la nyumbani, kwa sababu nyumba zinazotusoma zimo pande zote mbili za meza ya duka. Wako wasomaji wetu wenye maduka Mtaa wa Kongo, Aggrey na Msimbazi. Wako waliowapeleka watoto wao kuuza katika maduka hayo hayo. Na sote, tajiri kwa maskini, hushuka Kariakoo kabla ya Idi na kabla ya shule kufunguliwa, tukitafuta bei nafuu. Bei ile hutufurahisha, wala aghlabu hatuulizi imepatikanaje. Sehemu yake imepatikana kwa kununua mali nyingi kwa mara moja, na hilo ni jambo la halali na la akili. Lakini sehemu nyingine imepatikana katika saa za kazi zisizolipwa na katika shoti.

Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la watu wa kazi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika vita vya 1914 hadi 1918, mahali hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wale waliandikwa kwa maelfu kutoka Afrika ya Mashariki yote, wengi bila ya khiari yao, na wengi hawakurudi kwao. Si vibaya kulikumbuka hilo tunapopita katika mitaa yake.

SIKU YA MUUZAJI

Mnunuzi afikaye saa nne asubuhi hukuta duka limekwisha pangwa, nguo zimetundikwa, na muuzaji anatabasamu mlangoni. Hamuoni kijana huyo alipoamka kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi gari, wala hamuoni saa moja na nusu akifungua milango ya chuma na kuteremsha marobota kutoka stoo iliyoko ghorofa ya nne. Baada ya hapo ni kusimama. Husimama mpaka adhuhuri, hula kwa zamu nyuma ya maboksi, kisha husimama tena mpaka magharibi imekwisha kupita, ndipo hupanga mali ndani, hufagia, hukabidhi fedha, na kuondoka saa moja ya usiku. Katika maduka mengi hakuna choo ndani ya fremu, na binti aliyeajiriwa hapo hulipia choo cha nje kutoka mfukoni mwake. Ama siku ya Ijumaa, misikiti ya Manyema, Idrisa na Mtoro iko hapo karibu, na adhana yasikika dukani. Walakini si kila tajiri, hata Mwislamu, huwapa watu wake ruhusa bila ya kukunja uso.

Na tuihesabu siku hiyo. Kutoka saa moja na nusu asubuhi hadi saa moja ya usiku ni saa 11 na nusu. Tukitoa saa moja ya chakula, hubaki saa 10 na nusu. Kwa siku sita ni saa 63. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo sheria ya kazi ya Tanzania Bara, yasema kwamba kazi ya kawaida haizidi saa 45 kwa wiki, wala saa 9 kwa siku, wala siku 6. Zikizidi, ziwe kwa makubaliano, zisipite saa 50 katika wiki nne, na kila saa iliyozidi ilipwe mara moja na nusu. Kijana wetu amezidisha saa 18 kila wiki, yaani saa 72 katika wiki nne. Amevuka hata mpaka wa ziada kwa saa 22.

Sasa tuzitie fedha. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini katika biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na Oktoba 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 viwango vya sekta binafsi vipande kwa wastani wa asilimia 33.4. Tushike ile 150,000 kwa kuwa ni rahisi kuihesabu. Mwezi una wiki nne na theluthi. Kwa hiyo saa moja ya kazi ni kama shilingi 769, na saa moja ya ziada ni kama 1,154. Zile saa 72 zina thamani ya shilingi 83,000 na zaidi kidogo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara, na ni fedha ambayo kijana hakuambiwa kwamba ni yake. Tajiri huyo huyo, akimpimia mteja kilo moja ya mchele, hawezi kuthubutu kupunguza hata punje, kwa kuwa anaijua Sura ya Al-Mutaffifin na anawaogopa watu wa vipimo. Lakini saa nazo ni kipimo.

Februari 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, na taa zikaongezwa na ulinzi ukaahidiwa. Jambo hilo laweza kuleta riziki. Ila wenye maduka wajue kwamba kazi ifanywayo kati ya saa mbili za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi yahesabiwa kisheria kuwa ya usiku, na kila saa yake huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa saa hiyo; na kwamba mtu hapaswi kurejea kazini kabla hajapumzika saa 12 mfululizo.

MTOTO WA NDUGU YANGU

Iko namna moja ya ajira ambayo wageni hawaielewi, nayo Kariakoo imejaa. Mfanya biashara hutuma kwao, pengine Pemba, pengine Moshi, Njombe au Kigoma, akaletewa kijana wa ukoo. Kijana hulala kwa tajiri, hula kwa tajiri, na dukani humwita tajiri mjomba, kaka, au shemeji. Hakuna mshahara uliotajwa. Kuna ahadi: kaa nami, jifunze, na baada ya miaka kadhaa nitakufungulia duka lako.

Hatupendi kuitukana desturi hii. Wako watu wengi wenye maduka leo ambao njia yao ilikuwa hiyo hiyo, na waliifundisha biashara kuliko chuo chochote. Mjomba mwema huandika kila mwaka ni kiasi gani amemwekea kijana, na siku ya kumtoa humpa mali, fremu, na jina lake jema kwa wauzaji wa jumla. Desturi yenye uaminifu namna hiyo ni neema.

Lakini aghlabu ahadi huwa haina tarehe wala kiasi. Mwaka wa tano, kijana akianza kuuliza, ghafula hupatikana shoti kubwa dukani, na katika ugomvi huo kijana huondoka mikono mitupu, naye hawezi kumshitaki mjomba kwa kuwa mama yake humwambia kuwa ataivunja familia. Mambo haya kila mtu wa Kariakoo ameyasikia, ingawa husemwa kwa sauti ya chini.

Wanazuoni wetu walilitazama jambo hili zamani. Walisema kwamba ijara, yaani makubaliano ya kazi, yataka ujira uliojulikana. Ujira usiojulikana huyaharibu makubaliano yenyewe. Wala hawakusema kwamba mfanya kazi basi hupoteza haki yake. Walisema hustahiki ujira wa mfano, yaani kile ambacho hulipwa mtu mwingine afanyaye kazi kama hiyo mahali hapo. Chakula na malazi vyaweza kuwa sehemu ya ujira vikitajwa mapema, lakini ndugu kuitwa ndugu hakuwi malipo.

Na sheria ya nchi imekwenda njia iyo hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hutazama hali halisi, si jina. Mtu ambaye kazi yake na saa zake huamriwa na mwingine, au ambaye riziki yake yamtegemea huyo mwingine, huchukuliwa kuwa mfanya kazi mpaka tajiri athibitishe vingine. Haikusema kwamba mpwa hahesabiwi.

SHOTI HUZALIWA WAPI

Sasa turudi kwenye shoti. Duka moja la nguo laweza kuwa na wauzaji saba, na wote hugusa mali ile ile na sanduku lile lile la fedha. Bosi huja mchana akachukua suruali tatu za wanawe bila ya kuandika. Mdogo wake huchukua fedha za mafuta ya gari. Mteja huonyesha ujumbe wa simu kwamba amekwisha lipa, kumbe ujumbe ni wa uwongo. Noti bandia huingia katika msongamano wa Desemba. Robota lililoandikwa vipande 200 hufika na vipande 194, na hakuna aliyelihesabu mlangoni kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha. Na naam, pengine mmoja wa wale saba ni mwizi. Hatulifichi hilo, wala si haki kuwasema matajiri kana kwamba wizi wa dukani ni hadithi. Upo, na umefilisi watu.

Lakini tazama lifanyikalo. Mwisho wa mwezi shoti ni shilingi 420,000. Tajiri hagundui ilikopotelea. Huigawa kwa vichwa saba, na kila mmoja hukatwa 60,000. Mwizi, kama yupo, amelipa 60,000 na kubaki na faida yake. Waaminifu sita wamelipa pamoja naye, na suruali tatu za wana wa bosi zimo ndani ya hesabu hiyo. Hakuna aliyefundishwa uaminifu hapo. Lililofundishwa ni kwamba mwaminifu na mwizi hukatwa sawasawa, na kijana mwenye akili nyepesi huweza kuona kwamba basi heri aibe, maadam atalipa hata asipoiba.

Kifungu cha 28 cha ile Sheria ya Ajira kinazungumza juu ya jambo hili waziwazi, na twaomba kila nyumba yenye kijana dukani ikijue. Tajiri hawezi kukata mshahara ili kufidia mali iliyopotea au kuharibika ila kwa masharti. Upotevu uwe umetokea kazini na kwa kosa la mfanya kazi huyo. Tajiri amwandikie sababu ya deni, kiasi chake, na jinsi lilivyohesabiwa. Mfanya kazi apewe nafasi ya kutosha ya kulipinga. Deni lisizidi khasara yenyewe. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Robo ya 150,000 ni 37,500. Kwa hiyo ile 60,000 imevunja sheria kwa kiasi chake peke yake. Na hata ingalikuwa 10,000, ingalibaki kuulizwa: kosa la nani, na karatasi iko wapi?

Fiqhi nayo, karne nyingi kabla ya kifungu hicho, ilikuwa imefika hapo. Mtu aliyeajiriwa na tajiri mmoja kwa muda maalumu, kwa wanazuoni walio wengi, mkono wake juu ya mali ni mkono wa amana. Kikipotea kitu bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hadaiwi. Akiiba au akizembea, hapo hudaiwa, lakini ni lazima ijulikane. Tena tazama mudharaba, ule ushirika wa mmoja kutoa mtaji na mwingine kutoa kazi. Mwenye kazi hupata fungu la faida, na khasara ikija bila ya kosa lake humwangukia mwenye mtaji, yeye akiwa amepoteza jasho lake tu. Muuzaji wetu wa Kariakoo hapati fungu lolote la faida. Mwezi wa Ramadhani, duka linapouza mara tatu ya siku nyingine, mshahara wake ni ule ule. Vipi basi aitwe mshirika siku ya khasara peke yake? Kanuni ya wanazuoni ni kwamba faida hufuatana na dhamana: abebaye khasara ndiye mwenye haki ya faida. Tajiri anayetaka wauzaji wabebe khasara na awape hisa za faida, kisha tutaona kama atalipenda shauri hilo.

Wako wenye maduka waliolimaliza tatizo hili kwa njia nyepesi sana. Mali huhesabiwa kidogo kidogo kila jioni, rafu moja leo, rafu nyingine kesho, na watu wawili hutia saini. Kila muuzaji ana eneo lake na kitabu chake. Anayefika kazini hukabidhiwa kwa hesabu, na anayeondoka hukabidhi kwa hesabu. Bosi naye, na mkewe, na wanawe, wakichukua kitu huandikwa kama watu wengine. Tumeambiwa kwamba sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

KITI NA KAMERA

Matatizo haya si ya Kariakoo peke yake. Mwaka 1886 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozuia vijana wa chini ya miaka 18 wasifanyishwe kazi madukani zaidi ya saa 74 kwa wiki, pamoja na saa za kula. Nasi tukisoma hivyo twafahamu ilikuwaje kabla yake. Mwaka 1899 ikapitishwa sheria nyingine huko ya kuwataka wenye maduka waweke kiti kimoja kwa kila wauzaji watatu wa kike. Bunge zima lilikaa kujadili kiti. Msichana mmoja aliyeanza kuuza dukani akiwa na umri wa miaka 14 wakati wa mambo hayo, Margaret Bondfield, alikuwa Waziri wa Kazi mwaka 1929, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo.

Tusidhani kwamba kiti ni hadithi ya zamani. Katika jimbo la Kerala nchini India, wanawake wa maduka ya vitambaa, maduka yanayofanana sana na yetu, walikatazwa kuketi hata duka likiwa halina mteja. Waligombana kwa miaka, na mwaka 2018 sheria ya jimbo lao ikabadilishwa, wakapata haki ya kuketi. Tamil Nadu wakafuata mwaka 2021. Yeyote aliyemwona binti wa dukani mwezi wa Ramadhani, amefunga, amesimama tangu asubuhi juu ya sakafu ya vigae, na kiti kiko pale ila ni cha wateja, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ulaya, maduka makubwa ya bei ya chini yalipozidi kuenea, ugomvi ulihamia kwenye kutazamwa. Mwaka 2008 gazeti la Stern la Ujerumani lilifichua kwamba kampuni ya Lidl ilikuwa imewaweka wapelelezi na kamera za siri katika baadhi ya maduka yake, na kwamba waliandika hata mfanya kazi alikwenda choo mara ngapi na alizungumza nini na mwenzake. Mwaka huo huo wakuu wa majimbo wakaitoza faini iliyokaribia euro milioni 1.5. Kamera zimejaa Kariakoo pia, wala hatuzikatai. Kamera iliyo wazi, inayojulikana na wote, yaweza kuwa shahidi wa muuzaji mwaminifu: shoti ikitokea, itazamwe. Ajabu ni kwamba katika maduka mengi kamera hutazamwa ili kumkemea aliyeketi, na shoti ikitokea hugawanywa kwa vichwa kana kwamba kamera haikuwako.

KARATASI

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka katika kona ya mitaa ya Mchikichi na Kongo. Ilikuwa saa ya maduka kufunguliwa. Watu wasiopungua 29 walikufa, na zaidi ya 80 waliokolewa, baadhi yao wakiwa wamezungumza kwa simu na jamaa zao kutoka chini ya kifusi. Waliokuwamo walikuwa wenye maduka, wateja, wapagazi, na wauzaji, yaani hawa tunaowaandika. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Hatuna la kusema hapa juu ya sababu za kuanguka kwake, kwa kuwa hilo ni la wahandisi na mahakama. Twasema juu ya karatasi. Mtu afanyaye kazi dukani akiumia au akifa kazini, sheria imemwekea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia. Mfanya kazi hakatwi hata senti. Uzeeni, na katika uzazi, uko Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambao mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanya kazi asikatwe zaidi ya asilimia 10 katika hizo. Lakini mjane wa kijana ambaye jina lake halikuandikwa popote, ambaye hulipwa mkononi bila ya saini, ataanzia wapi? Atauliza majirani wa duka wamshuhudie kwamba mumewe alikuwa akifanya kazi pale.

Kuandika si gharama. Sheria yataka kila anayeajiriwa apewe maandishi yenye jina lake, kazi yake, mahali, tarehe ya kuanza, saa na siku za kazi, na ujira wake na jinsi unavyohesabiwa. Ni ukurasa mmoja. Tena iko faida ambayo vijana wengi hawaijui: ugomvi ukifika mbele ya sheria, na tajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi huwa juu yake yeye. Asiyeandika hajifichi, amejiwekea mtego.

Kwa wenye maduka twasema kwa upole, kwa kuwa tunaijua mizigo yao. Kodi ya fremu ni kubwa, na kabla ya kodi kuna kilemba. Mei 2023, na tena Juni 2024, walifunga maduka yao kwa siku kadhaa kulalamikia namna ya kutozwa kodi ya serikali, na nchi nzima ikasikiliza. Walitaka wasikadiriwe kwa kubahatisha, waonyeshwe hesabu, na wapewe nafasi ya kujieleza. Yalikuwa maombi ya haki. Muuzaji aliye nyuma ya meza yao anaomba hayo hayo matatu juu ya shoti.

Zamani katika miji ya Waislamu sokoni alikuwako muhtasibu. Kazi yake haikuwa kutazama mizani tu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameandika kwamba muhtasibu aliweza kumzuia bwana asimtwishe mtumwa wake kazi asiyoiweza, na mwenye mnyama asimbebeshe kupita nguvu zake. Leo wako maofisa wa kazi, nao ni wachache kwa mitaa mingi. Kiko chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO, ambacho muuzaji wa duka ana haki ya kujiunga nacho, wala kuachishwa kazi kwa sababu hiyo si halali. Na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wa Kariakoo huijua kwa herufi zake, CMA.

Wazazi tunawaomba wafanye jambo moja kabla ya mtoto kuanza kazi, ajira iwe ya mjomba au ya mtu baki. Waende na kijana, waketi na tajiri, na waulize mambo yaandikwe: ujira, saa, siku ya mapumziko, ruhusa ya sala, na shoti itaamuliwaje. Tajiri mwema hatachukia. Na kijana awe na daftari dogo lake mwenyewe, la saa aliyofika na saa aliyotoka, fedha aliyopokea, na kilichokatwa na sababu aliyoambiwa. Pia aitunze kila khabari ya simu ya malipo. Daftari la namna hiyo, lililoandikwa siku kwa siku, lina uzito mbele ya msuluhishi kuliko machozi.

Mambo yakiharibika, malalamiko hufikishwa Tume kwa kujaza fomu namba 1, na nakala yake hukabidhiwa tajiri. Kwanza wote wawili huitwa kusuluhishwa, na kesi nyingi za mishahara na makato zaweza kuishia hapo, bila ya wakili, na pengine bila ya kuvunja udugu. Ila kuna muda. Malalamiko ya makato na mishahara yafikishwe ndani ya siku 60 tangu ugomvi utokee, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Siku hizo 30 huanza kuhesabiwa siku ile ile ya kuachishwa, na zile ambazo kijana huzitumia nyumbani akingoja hasira ya mjomba ipoe zimo ndani yake.